Maisha ya Dada Yetu, Mwalimu Tone Moja

Wazee wetu, ndugu na majirani mlioacha shughuli zenu ili kumsindikiza, tunawashukuru.

Dada yetu alizaliwa tarehe 4 Machi 1971, mtoto wa pili wa fundi saa na mkunga. Kwa baba alirithi mikono isiyotetemeka. Kwa mama, tabia ya kunyamaza mpaka awe na hakika.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1984 na sekondari mwaka 1990, akapata shahada ya kemia 1995 na ya uzamivu 2004.

Mwaka 2005 aliajiriwa chuo kikuu, akapewa chumba cha chini kisicho na dirisha. Humo alimimina mpira wa majimaji kwenye kalibu, akauoka, akapata vibao vidogo kama kidole gumba, vyenye mifereji myembamba kama unywele. Tone moja la damu likipita ndani yake, kibao kilitakiwa kusema kama figo ni nzima, ili aliye mbali na hospitali ajue mapema. Wanafunzi wakamwita Mwalimu Tone Moja.

Hakuolewa. Shangazi alipomchokoza, "Wewe, utaolewa na hiyo darubini?" alijibu, "Darubini haikoromi, shangazi." Tukacheka. Hakuna aliyemuuliza anakula na nani.

Kila kibao kipya kilijaribiwa kwanza kwa damu ya mtu mwenye afya, ili ijulikane uzima unasomekaje. Watafiti wengine walikuwa na wenzao. Yeye alikuwa na kidole chake. Mwaka 2015 alimwomba mdogo wake, ndiye anayesoma maneno haya, aende akamtolee tone. Akajibiwa, "Mbu hawajanibakishia kitu, dada. Tuone wiki ijayo." Wiki hiyo haikufika.

Februari 2016 vibao vilianza kusoma ugonjwa kwenye tone lile la afya. Akalaumu viputo vya hewa. Akabadilisha mpira, akachonga kalibu upya, akatupa vibao mia mbili na kumi. Ikapita miezi saba. Siku moja fundi wa maabara alimkuta akitupa vingine.

"Mwalimu, hiyo damu ya nani?"

"Yangu. Ya nani tena?"

"Hebu nipe sindano."

Akajitoboa kidole. Kibao kikasoma uzima. Fundi akavuta kiti, akamkalisha. "Kibao hakina kosa, Mwalimu."

Kinyozi hajinyoi, twasema. Lakini hata kinyozi huwa na ndugu wa kumshikia wembe.

Figo zilikuwa zimekwisha kuchoka. Kwa karibu miaka mitatu alisafishwa damu mara tatu kwa wiki, akienda kwa miguu, na mikononi karatasi za wanafunzi za kusahihisha. Alifariki tarehe 11 Juni 2019, saa nne asubuhi, kwenye kiti cha matibabu. Nesi alidhani amesinzia. Alikuwa na miaka arobaini na minane.

Kwenye fomu ya hospitali, penye nafasi ya ndugu wa karibu, tulikuta ameandika fundi wa maabara. Basi tunaanza hapo alipoanza yeye. Ameacha fundi wake, aliyeketi pale nyuma, naye tunamwomba asogee mbele akae nasi. Ameacha mama, kaka mmoja, mdogo wake, shangazi na wapwa watano.

Mola ampokee, na ampe pumziko la amani.