Kome Wamefunga

Kwenye basi, mbele yangu, dada wa maabara alikuwa amepakata ndoo ya kome. Akamwambia bwana wa idara ya maji aliyeketi ubavuni mwake, "Hawa nimewaweka kwenye maji ya bwawa letu. Kome akionja maji mabaya hufunga gamba, na wamefunga wote. Fungeni bomba la mji leo."

"Labda wamelala, dada yangu."

"Tangu Jumatatu? Wenzao wa maji ya kisima wako wazi, wanakula."

"Mkubwa ametia saini kuwa maji ni safi."

"Kome hawajui kusoma, kaka." Nami sikusoma sana, ila hilo nililielewa.

Basi likasimama. Bwana akashuka na chupa yake ya maji ya dukani. Marehemu mke wangu alikunywa ya bwawa miaka tisa; yeye hakuwa na gamba la kufunga.