Viti vya Nyumba ya Busisi

Tereza: Haloo? Nani mwenzangu?

Nurudin: Haloo, mama, shikamoo. Hapa unaongea na Nurudin. Nurudin wa makochi, Nyakato.

Tereza: Marahaba. Nurudin wa makochi? Mbona sikufaham—

Nurudin: Hunifahamu, mama, lakini mzee ananifahamu. Mzee Luhende, yule dereva wa malori. Si ndiye mume wako?

Tereza: Ndiye. Amepatwa na nini?

Nurudin: Hajapatwa na kitu, mzima kabisa. Ameagiza viti hapa kwetu. Tena si kimoja wala viwili, ni vya nyumba nzima.

[Upande wa Tereza kulikuwa na mlio wa cherehani. Unasimama.]

Tereza: Viti? Luhende ameagiza viti?

Nurudin: Ah, nimeharibu? Au alitaka kukushtukiza?

Tereza: [Anacheka.] Hujaharibu, baba. Ni kwamba wimbo wa viti nimeuimba mpaka koo limenikauka. Mimi ni fundi wa kushona. Kiti ninachokalia ni cha plastiki, mguu umevunjika, nimeufunga na mpira wa baiskeli. Kila nikimwambia ananijibu, mama Malimi vumilia, watoto wamalize chuo kwanza.

Nurudin: Wanaume ndivyo tulivyo, mama. Mtu anakaa kimya kumbe anajipanga.

Tereza: Kumbe alikuwa ananisikia.

Nurudin: Alikuwa anakusikia sana. Sasa nimepiga uchague vitambaa. Mwenyewe kasema, mambo ya rangi muulizeni mama, yeye ndiye mwenye nyumba. Na sisi utaratibu wetu ndio huo, kitambaa hakigongwi misumari mpaka mama mwenye nyumba aseme. Kuna mama tulimpelekea makochi mekundu, tukarudi nayo mpaka Nyakato.

Tereza: Mekundu hata mimi ningekurudisha nayo. Niwekee kahawia. Watoto wakija likizo wanakaa na miguu juu, hawasikii la mtu. Kahawia inaficha.

Nurudin: Ya maziwa au iliyokoza?

Tereza: Iliyokoza. [Anacheka tena.] Luhende huyu. Nikimwona leo sijui nitamwambia nini.

Nurudin: Mpikie tu vizuri, mama, inatosha. Basi tunagonga leo, kesho asubuhi gari linapakia, jua halijawa kali tumeshavuka daraja—

Tereza: Daraja gani?

Nurudin: Haloo?

Tereza: Nakusikia. Nasema daraja gani? Kutoka Nyakato kuja huku Ilemela mnavuka daraja gani?

Nurudin: Ilemela? Mzigo si wa Busisi, mama? Nyumba ya Busisi, ile mpya iliyo juu ya barabara. Au nimechanganya oda... ngoja. Hapana. Luhende, Busisi. Ndiyo yenyewe.

[Mtandao unakwaruza.]

Nurudin: Mama? Haloo? Huku inakata-kata—

Tereza: Nipo.

Nurudin: Nilikuwa nauliza, au kwa sasa mpo Ilemela, ndo mnahamia?

Tereza: Eeh. Ndo tunahamia.

Nurudin: Hongereni sana. Kule kuzuri, unafungua mlango ziwa lote lako. Na hili daraja limetuokoa, si kama enzi za feri, mtu unakaa Kigongo mpaka unaota mizizi.

Tereza: Enzi za feri baba Malimi alikuwa analala ng'ambo. Ananipigia, mke wangu, feri imeniacha. Wiki hii feri imemwacha, wiki ijayo feri imemwacha.

Nurudin: Feri ilitesa watu, mama.

Tereza: Daraja lilipofunguliwa nilikwenda kanisani kutoa shukrani. Nikasema sasa mume wangu atalala nyumbani.

Nurudin: Si ndiyo sasa.

Tereza: Akaanza kuniambia macho yanakuwa mazito, hawezi kuendesha usiku. [Anavuta pumzi.] Endelea, Nurudin. Nitajie vyote. Hayo makochi ni ya sebuleni. Kingine?

Nurudin: Kuna vya barazani. Hivyo vya mbao, mzee alitaka tuviwekee sponji ili—

Tereza: Usiweke sponji.

Nurudin: Alisema mwenyewe—

Tereza: Alisema kwa sababu amesahau. Mvua ya ziwani inakuja na upepo, inaingia mpaka mlangoni. Sponji inakunywa maji, wiki nzima haikauki, inanuka kama samaki aliyelala. Huku tulikuwa navyo, tulivitupa sote wawili tukishikilia pua. Weka mbao tupu, iache nafasi katikati maji yapite. Vipo vingapi?

Nurudin: Viwili tu. Nikamwambia, mzee, wageni watakaa wapi? Akasema vya barazani si vya wageni, ni vya kukaa jioni na mama. Yaani mzee ana mapenzi yule, we acha tu.

Tereza: Alisema hivyo.

Nurudin: Kwa mdomo wake.

Tereza: Na huku baraza lipo. Lipo, na ziwa linaonekana pale kati ya mawe. Haya. Mbao tupu. Kingine?

Nurudin: Vile vya saluni yako.

Tereza: Saluni.

Nurudin: Si unafungua saluni, mama? Au ndo umeamua uendelee na kushona? Maana vile vya kuzunguka, vya kupandisha na kushusha kwa mguu, vimeshafika. Tena alisisitiza kile cha msusi mwenyewe kiwe na mgongo, akasema kazi ya kusuka inaua kiuno, sitaki aumie.

[Kwa mbali upande wa Nurudin nyundo zinagonga.]

Nurudin: Mama, unanisikia? Hebu nisogee pembeni, hawa jamaa wanapiga kelele.

Tereza: Nakusikia vizuri. Hataki aumie kiuno.

Nurudin: Eeh. Rangi zipo nyeusi na—

Tereza: Nyeusi. Saluni ina dawa za nywele, weka nyeusi. Bado kuna kingine?

Nurudin: Kuna kadogo. Kile kiti cha kulishia mtoto, chenye kimeza mbele. Cha mjukuu.

Tereza: Alikwambia mjukuu?

Nurudin: Alisema mwanangu. Mimi nikajua anatania, si unajua wazee, mjukuu wanamwita mwanangu. Akasema ndo kwanza anajifunza kukaa, anayumba yumba, tumtengenezee mkanda.

Tereza: Malimi wangu yuko chuo, hajaoa. Mdogo wake Pius ndo kwanza kaanza. Sina mjukuu, Nurudin.

Nurudin: Ah... Basi labda, sijui... labda ni wa ndugu.

Tereza: Labda. [Anajikohoza.] Mkanda ushone wa kitambaa laini, usiweke ule wa plastiki, unakata mapaja ya mtoto. Na miguu ya kiti itanue chini, kisije kikaanguka naye. Umeandika?

Nurudin: Nimeandika, mama. Kimebaki kimoja tu. Kochi la mtu mmoja.

Tereza: Hilo si lipo kwenye seti ya makochi?

Nurudin: Hapana, hili liko peke yake. La mzee mwenyewe. Alisema likifika liwekwe linalotazama mlango, na lisikaliwe na mtu yeyote, hata mgeni awe nani.

[Upande wa Tereza kiti cha plastiki kinakwaruza sakafu.]

Nurudin: Mama? Mama Malimi?

Tereza: Amekwambia hivyo? Lisikaliwe na mtu?

Nurudin: Ndiyo, mama.

Tereza: Nisikilize, baba. Wewe wa mjini, labda kwenu si hivyo. Kwetu sisi mwanaume anaweza kulala popote. Safari ni safari. Atalala kwenye gari, atalala kwa ndugu, atalala hata huko asikotaka kusema. Lakini kiti chake kiko sehemu moja. Akiwa hayupo hakikaliwi. Padri akija hapa namwambia, samahani baba, hicho ni cha mwenye nyumba, na padri anacheka, anakaa kwenye stuli. Watoto walipokuwa wadogo nimewachapa kwa ajili ya kile kiti. Hata wiki anazokaa Geita nakipangusa vumbi kila asubuhi, nakigeuza kitazame mlango. Nikikiangalia nasema, huyu mtu anarudi, kiti chake si hiki hapa?

Nurudin: Sasa... kile cha Ilemela mnahama nacho?

Tereza: Nurudin, mimi sihami.

Nurudin: Sijakuelewa, mama.

Tereza: Hiyo nyumba ya Busisi siijui. Sijawahi kuiona hata paa lake. Mimi ni mke wa Luhende, wa ndoa ya kanisani, niko hapa Ilemela nashona sare za shule. Huyo wa saluni ni mtu mwingine.

[Mtandao unakwaruza. Nyundo zimenyamaza.]

Nurudin: Yallah. Mama... mama, nisamehe. Wallahi mimi sikujua, nimeropoka tu toka mwanzo—

Tereza: Hujakosea kitu.

Nurudin: Na wewe ukaniacha niongee. Mpaka rangi umechagua.

Tereza: Ningekwambia mapema ungekata simu. Nilitaka nijue mpaka mwisho. Nimejua.

Nurudin: Lakini namba hii kanipa mwenyewe, mama. Nilimwambia, mzee, niachie namba ya mama nimpigie kwa ajili ya vitambaa. Simu yake ilikuwa imezima chaji. Akaitaja hapo hapo, tarakimu moja baada ya nyingine, hakusita hata mara moja.

Tereza: Bila kuangalia popote.

Nurudin: Angeangalia wapi, na simu imezima?

[Tereza analia, bila kujificha.]

Nurudin: Mama, pole. Pole sana, mama.

Tereza: Hii laini sijaibadilisha tangu tupo vijana. Alikuwa akisafiri simu yake inaibiwa, inaanguka kwenye maji, anaomba za watu njiani anipigie. Nikamkalisha kwenye kitanda nikamfundisha namba yangu kama mtoto anavyofundishwa kuhesabu. Mpaka akaishika. Akaniambia, hii hata nikifa nitaitaja.

Nurudin: Mdomo ulimteleza. Ni mazoea tu, mama.

Tereza: Basi ndicho nilicho. Mazoea.

Nurudin: Sikuwa na maana hiyo—

Tereza: Najua hukuwa nayo. Ila ndivyo ilivyo. Nampenda, Nurudin. Hata sasa hivi ninavyoongea na wewe nampenda, na nimechukia kwamba nampenda.



Nurudin: Mama, sikiliza. Mzigo bado uko hapa. Ukisema nigeuze gari lije Ilemela, nageuza. Nitajua mwenyewe cha kumwambia. Na hicho kiti chako cha kushonea nakutengenezea, hilo ni langu.

Tereza: Uniletee makochi aliyomnunulia mwenzangu? Nikiyakalia nitakuwa nimekalia nini, baba?

Nurudin: Sasa nifanye nini? Oda ndiyo hii mkononi.

Tereza: Peleka Busisi. Yule mtoto anayumba yumba, anahitaji kukaa. Yeye hajamkosea mtu. Lakini lile kochi la mzee bado hujaniuliza.

Nurudin: Sithubutu kukuuliza tena, mama.

Tereza: Linyanyue juu, lisiwe la kuzama. Ana goti bovu la kushoto, aliangukiwa na tairi la lori, akikaa chini sana hanyanyuki mpaka ashikwe mkono, na anaona aibu kushikwa. Mikono ya kochi iwe ya mbao ngumu, asiweke uzito kwenye sponji. Huyo wa kule labda hajajua bado. Goti halimsumbui wakati wa jua, linamsumbua mvua zikianza.

Nurudin: Mama, kwa nini unanifanyia hivi?

Tereza: Andika.

Nurudin: Naandika. Juu. Mikono ya mbao. Na akija kuuliza nani kachagua?

Tereza: Mwambie ukweli. Mwambie nilipiga ile namba uliyonitajia, mama akapokea, akachagua vyote kimoja kimoja, na chako akasema kiwe kirefu kwa ajili ya goti. Usiongeze neno.

Nurudin: Akisikia hivyo, atanyanyuka vipi pale dukani?

Tereza: Atajua mwenyewe. Na leo akirudi hapa, mimi sitamuuliza kitu. Kile kiti chake nakitoa nje sasa hivi, nakiweka pale getini. Akikikuta ataelewa pa kwenda nacho.

Nurudin: Mama, usifanye haraka, kaeni muongee kwanza—

Tereza: Tumekaa miaka yote hiyo, Nurudin. Wakati mimi nimekaa, yeye alikuwa anaagiza viti.

Nurudin: Mama, salio langu linalia, litakata sasa hivi. Usibaki peke yako leo. Una mtu hapo nyumbani wa kukaa naye?

Tereza: Kabla hujapiga nilikuwa naye.

Nurudin: Mama—

[Simu inakatika.]