Kinu Kilichofika Ulaya

Wamama wenzangu, asante kwa kunipa nafasi. Nimeomba nisimame hapa karibu na mlango, maana nikishindwa kumaliza nitatoka nje nilie kidogo, halafu nirudi. Mnicheke mkitaka. Mtu nitakayemtaja kwa wema yuko humu ndani, na amenikataza kusema jina lake. Tafadhali, msigeuze shingo kumtafuta.

Mnaikumbuka ile kampuni iliyotuletea intaneti ya kasi hapa Kanyosha. Walichimba mfereji mwembamba kando ya barabara, wakalaza waya, wakafukia, wakaenda zao. Mfereji wenyewe hata kuku angeufukua, lakini nani alijali? Mimi nawalea watoto wangu wawili peke yangu, na intaneti ile ilinipa kazi. Nilikaa chumbani, kaske ya kusikilizia masikioni, nikijibu simu za watu wa Ulaya walionunua vitanda na makabati ambayo hayajawafikia. Wakubwa wangu huko walinipa jina la kazi, Sandrine, na wakaniambia nisiseme kamwe niko wapi. Basi kutwa nzima ni kuwaambia kwa Kifaransa kwamba Sandrine anawasikiliza: "Bonjour, Sandrine à votre écoute." Pale kwenye parseli, ua wetu wa nyumba za kupanga, wapangaji wakaanza kuniita Madamu Sandrine. Sitawadanganya, nilipenda.

Mlango unaofuata wangu anakaa mama anayetwanga sombe, majani ya muhogo, ya kuuza. Kinu chake kilikuwa chini ya dirisha langu tangu kabla sijahamia pale. Siku moja mteja akaniuliza, ni nini hicho kinachogonga? Nikamjibu ni mafundi wanatengeneza barabara. Kumbe mkubwa wangu alikuwa anasikiliza. Akanionya kwamba kelele ile ikirudi, sina kazi.

Ndugu zangu, nawaambia, ningeweza kumwendea yule mama tukapangiana saa. Tungeelewana. Sikwenda. Nilikwenda kwa mwenye parseli, mimi mpangaji wake mzuri, na jioni ileile kinu kikatolewa nje ya lango. Nilisimama nyuma ya pazia nikimtazama akikiviringisha peke yake. Akainua macho akaniona. Hakukasirika. Alisema tu:

"Dada, mi apana jua kama kinu yangu inafika mpaka Ulaya."

Nikafunga pazia.

Huko barabarani vumbi likaingia kwenye majani. Nilisikia bombani watu wakisema sombe yake siku hizi ina mchanga. Nikachota maji yangu nikarudi ndani.

Kisha mvua zikashuka kutoka milimani, na mnajua mvua za huku kwetu. Mfereji ukafunguka, waya ukatoka nje. Mafundi wakafukia, mvua ikafukua, wakafukia tena. Mwisho kampuni ikachoka. Ujumbe ukaingia kwenye simu: mteja wetu mpendwa, huduma inafungwa mjini kote, asante kwa kutuamini. Hakuna hata mmoja aliyekuja kupiga hodi. Nikajaribu intaneti ya simu, lakini wateja walinisikia vipande vipande, wakanikatia. Wakubwa wangu nao hawakusubiri, wakaniaga.

Sasa nafika mahali ninapoona haya kuliko pote. Sikumwambia mtu, na pale kwenye parseli ni mimi tu niliyekuwa na intaneti ile. Asubuhi nilijipamba, nikavaa kaske, nikakaa dirishani mbele ya kompyuta isiyoshika chochote, nikaanza: "Bonjour, Sandrine à votre écoute." Nilinyamaza kama anayesikiliza. Nikaomba radhi kwa kitanda kilichochelewa. Hapakuwa na kitanda, hapakuwa na mteja. Nilifanya hivyo ili parseli nzima wanisikie niko kazini, na nilifanya hivyo siku nyingi. Watoto wangu walikuwa wanakula uji mchana na uji usiku. Yule mtoto wa kwanza akaniuliza, "Mama, hao watu hawalipi tena?" Nikamwambia anyamaze, niko kwenye simu.

Siku moja, katikati ya kuomba radhi, dirisha likagongwa. Ni yule mama. Alishika fungu la majani ya muhogo, limefungwa kwa kipande cha waya mweusi.

"Dada," alisema kwa sauti ya chini, wengine wasisikie, "hii ni ile kamba yako. Batoto baliikata zamani, hapo nje kwenye mi naketi. We unasema na nani?"

Hebu fikirini. Ni mimi niliyemtoa akakae pale penye waya. Kwa hiyo alijua tangu mwanzo kwamba sina intaneti, akanisikia kila siku nikiongea na hewa, na hakumwambia hata mtu mmoja. Nilitaka kusema nina laini nyingine. Badala yake nikavua kaske nikalia mbele yake.

Hakunibembeleza. Alisema, "Mi niko na mchi ya pili. Kuja."

Wamama, kutoka chumbani kwangu mpaka nje ya lango ni karibu sana, lakini siku ile nilisimama mara tatu njiani. Kutwanga watu wawili kwenye kinu kimoja kunataka kupokezana, mmoja apande, mwingine ashuke. Mimi niligonga mchi wake, nikamwaga majani. Wapita njia wakasimama. "Si Madamu Sandrine huyo?" Nilitamani ardhi inimeze. Yeye akajibu bila kuacha kutwanga, "Apana, huyu ni mwenzangu." Jioni viganja vyangu vilikuwa malengelenge matupu, na wanangu walikula sombe mpaka wakalala hapohapo mkekani.

Tulitwanga hivyo msimu mzima. Nilishona kitambaa cha kufunika majani yasiingie vumbi, wateja wakarudi. Baadaye nilipata kazi ndogo ya kujibu simu asubuhi, kwa intaneti hii ya simu inayokatika-katika. Siku ya kwanza niliwatajia jina langu na mji wangu, nikawaambia wanichukue hivyo au waniache. Nikamwomba mwenye parseli arudishe kinu, akakubali. Lakini mama akakataa.

"Na ukipata kazi kubwa, utanitoa tena?"

Nilimfukuza kwa siri, kwa hiyo nilimwomba msamaha uani, mbele ya wapangaji wote, nikaeleza nilichofanya na niliyemwendea. Ndipo tukakiviringisha kinu pamoja, tukakiweka chini ya dirisha langu. Mteja akiuliza kelele gani hiyo, nasema ni jirani yangu anatwanga sombe, niko Bujumbura.

Niliisema sana ile kampuni, kutuacha kwa ujumbe mmoja. Lakini mimi nilimtoa jirani yangu bila hata ujumbe. Hilo ndilo nililokuja kuwaambia: kabla hujapita nyuma ya mtu, mpigie hodi.

Nawashukuru ninyi mlioninunulia sombe mkijifanya hamnijui. Niliwaona. Na wewe uliyenikataza jina, kuna jambo sijakwambia. Kila simu yangu ikilia, mchi wako unasimama. Unasubiri kidogo, halafu unaendelea polepole. Hicho kimya ni mimi niliyekufundisha, na kila asubuhi nakisikia.

Kesho simu ikilia, mama, nakuomba, twanga.