Anena Saverio (1981–2025), Aliyerudisha Sauti Midomoni mwa Wenyewe

Ndugu, majirani, na nyote mliofunga safari kuja kumsindikiza shangazi yetu: kabla hatujamweka mahali pake, tunaomba mmsikilize kidogo. Kazi ya kuandika haya nimepewa mimi Lakica, binti wa kaka yake Okeny, nikiwa Senior Three, yaani kidato cha tatu, kwa sababu wazee wanasema katika ukoo huu hakuna aliyemchosha shangazi kwa maswali kunizidi.

Marehemu Anena Saverio alizaliwa Jumanne, tarehe 9 Juni 1981, katika kambi ya polisi ya Nsambya, Kampala. Alikuwa mtoto wa pili wa marehemu Sajini Saverio Olal, mtu wa Kitgum, na marehemu Mama Aol Kasim. Mzee Saverio alipiga ngoma kubwa katika bendi ya polisi. Yeye alikuwa Mkatoliki na mama Mwislamu, kwa hiyo nyumbani kulikuwa na Krismasi na kulikuwa na Idi. Shangazi alisema alikuwa na miaka saba alipogundua kwamba majirani wengi wana moja tu kati ya hizo, na aliwahurumia sana.

Alisoma shule ya msingi palepale kambini, akamaliza mwaka 1994, kisha sekondari hadi Senior Six mwaka 2000. Kombe la Dunia la 1998 linakumbukwa na wote waliokuwa kambini. Watu walikuwa wakizima sauti ya televisheni na kuwasha redio ili wasikie mtangazaji wa Kiswahili. Redio ikapiga kelele za goli wakati mpira bado uko katikati ya uwanja kwenye televisheni. Askari wote wakafurahi, kwa kuwa walijua goli linakuja. Anena peke yake akauliza kwa nini. Akaambiwa anyamaze. Akauliza tena, akatolewa nje, na goli lenyewe hakuliona. Mwaka 2001 alijiunga na chuo kimoja upande wa Nakawa, akasoma umeme wa redio na televisheni kwa miaka miwili. Darasani walikuwa wasichana wawili.

Kazi aliianza mwaka 2003 kwenye duka la kukodisha kanda Kabalagala. Mwaka 2008 alifungua chumba chake mwenyewe, ghorofani, juu ya mgahawa wa kuku wa kuchoma, na ndiyo maana CD zake zote za harusi zilinuka kitunguu saumu. Alihariri harusi, kwanjula za kutambulishana wakwe, ubatizo, mazishi, hata mahafali ya watoto wa chekechea. Sherehe siku hizi hupigwa na kamera tatu au nne pamoja na kinasa sauti kilichounganishwa na spika, na kila kifaa kina saa yake ya ndani. Kuvifanya vyote viende pamoja, mdomo ukifunguka sauti itoke, ndiyo kazi aliyosifika nayo. Vijana wa video walimpigia simu kutoka kila pembe ya mji, wakimwita bibi kwa Kiganda: "Nyabo, imeachana." Yeye hakuwauliza wanatumia kompyuta gani. Aliwauliza kama nesi anavyomuuliza mgonjwa: "Imeachana tangu mwanzo, imeachana polepole, au imeruka ghafla?"

Kama sauti imechelewa kwa kiasi kilekile tangu mwanzo hadi mwisho, alisema, huo si ugonjwa, isogeze tu. Kama mwanzoni ziko sawa halafu zinaachana kidogo kidogo, basi saa za vifaa hazilingani, na kusogeza hakusaidii. Utaponya mwanzo uumize mwisho. Tafuta vitu viwili vinavyoonekana na kusikika, kimoja mwanzoni na kimoja mwishoni, urekebishe mwendo kati yake. Na kama imeruka ghafla, kuna kipande kimepotea, karibu kila mara ni pale kamera ilipokata faili moja na kuanza jingine. Nilipomuuliza amejuaje yote hayo, alinijibu kwamba ameharibu harusi nyingi za watu. Alikuwa anatania, lakini si sana. Moja aliyoiharibu ilikuwa yake.

Mumewe, Cleopas, ni mtu wa Bungoma, Kenya, aliyekuja Kampala kuuza vipaza sauti na nyaya Nakawa. Walijuana mwaka 2011 shangazi alipomrudishia waya mbovu. Akarudisha na wa pili. Cleopas anaapa kwamba wa tatu ulikuwa mzima kabisa, na mteja alirudi kugombana tu. Walifunga ndoa ya kimila Jumamosi, tarehe 13 Desemba 2014, kwenye uwanja wa shule moja karibu na Nsambya.

Siku hiyo Mzee Saverio alisimama mwisho kabisa kutoa neno la baba, ambalo kwetu ndilo linaloifanya ndoa ijulikane. Wingu lilikuwa limetanda, na watu wa ukoo wetu walishapanda basi la kurudi kaskazini. Waliobaki kumsikia walikuwa wageni wa Cleopas na mafundi wa video. Kamera mbili za karibu zilikuwa zimefuata zawadi na wachezaji. Ni kamera ya tatu tu, iliyokuwa kwenye baraza ya ghorofa ya shule ng'ambo ya uwanja, iliyouvuta karibu uso wa mzee wakati anasema kwa Kiswahili chake cha kambi: "Cleopas, kuanzia leo wewe ni mtoto yangu. Watoto mtazaa, ni yako. Mimi Saverio nimekubali, na mtu asikuje kuniuliza tena."

Wiki tatu baadaye mzee alipooza upande mmoja na hakusema tena. Shangazi alitaka aione harusi kabla hajafa, akaihariri haraka kwa siku nne. Alilinganisha sauti na picha pale mwanzoni, akaona ziko sawa, akaenda nayo hospitali ya Mulago. Mzee aliitazama yote akiwa kitandani. Alifariki tarehe 22 Februari 2015.

Baada ya maziko video ilionyeshwa kwa ukoo. Ilikuwa ndefu, saa tatu, na kufikia neno la mzee sauti ilikuwa imeachana na mdomo kwa zaidi ya nusu sekunde. Mdogo wake mzee, Baba Mdogo Okidi kama sote tunavyomwita, ambaye sasa ni polisi mstaafu, alikuwa kazini Moroto siku ya harusi. Yeye ndiye aliyesimama mbele ya watu wote.

"Mimi siko mjinga," alisema. "Hii mdomo imefunga, maneno bado inatoka. Huyu msichana kazi yake ni video. Ametia kaka yangu maneno."

Shangazi alijibu jambo moja tu: "Baba mdogo, ni kweli haziendi pamoja. Kosa ni langu. Lakini maneno ni yake."

Hakuaminiwa. Ukoo ulisema ndoa haijulikani. Mtoto wao wa kwanza, Travis, alipozaliwa mwaka 2016, hakuna mzee aliyekuja kumwona, na ilisemwa waziwazi kwamba ni mtoto wa Anena, baba hana. Baba yangu anasema katika miaka ile Cleopas alikuja kwenye kila msiba wetu na kila mara alikaa kwenye viti vya wageni, amevaa tai.

Ile nusu sekunde shangazi aliiondoa mapema, maana saa za kamera na kinasa sauti zilikuwa zimepishana, na hilo alilijua. Lakini kilibaki kitu kidogo ambacho hakikuondoka. Video ni picha zinazopita haraka, ishirini na tano kwa sekunde, na mafundi huita kila moja fremu. Kwenye uso wa mzee, mdomo ulitangulia sauti kwa fremu nne. Kompyuta ilionyesha sauti ya kamera ile imelala juu ya sauti ya spika sawasawa, bila kosa. Kamera mbili za karibu zilikaa vizuri. Ile moja ya mbali, iliyokuwa na uso, ilikataa.

Cleopas alimwambia asukume hizo fremu nne aimalize, nani atajua. Shangazi akamjibu: "Nikisukuma bila kujua kwa nini, basi baba mdogo ana haki."

Kwa hiyo alingoja. Miaka mitatu! Mimi nilipomuuliza alivumilia vipi, alisema hakuvumilia, alikuwa analia jikoni.

Mnamo Julai 2018 alikuja kwenye siku ya michezo ya shule yetu, akakaa mbali, mwisho wa uwanja. Bendi ya shule ikaanza. Akaona mkono wa mpiga ngoma unashuka, halafu akasikia ngoma. Akasimama. Akatazama tena. Kisha akaondoka bila kumuaga mtu, na mimi nilikuwa nakimbia mita mia wakati ule. Mpaka amefariki hakuwahi kuuliza nilimaliza wa ngapi. Wa nne.

Jumamosi, tarehe 18 Agosti, alimwomba Baba Mdogo Okidi aje kwenye uwanja wa ile harusi. Mzee alikuja kwa shingo upande. Shangazi hakumwonyesha kompyuta. Alimpandisha kwenye baraza ya ghorofa, pale kamera ya tatu ilipokuwa, na ng'ambo ya uwanja, mahali mzee Saverio aliposimama, Cleopas alikuwa amebeba ngoma ya kuazima. Cleopas akainua fimbo juu sana, akapiga.

Baba Mdogo Okidi aliona fimbo imeshuka kabla mlio haujafika. Akasema, piga tena. Cleopas akapiga tena. Baba yangu, aliyekuwepo, anasema Cleopas alipigishwa ngoma mara kumi na moja, na mzee akapaza sauti kwamba huyu Mkenya anapiga ngoma kama mtu anafukuza kuku. Halafu akashuka ngazi, akaweka kisigino chake ukutani, akavuka uwanja kwa hatua za gwaride mpaka alipofika kwa Cleopas. Sabini.

Hapo akasimama, akamwambia shangazi habari ambayo hakuna aliyekuwa ameijua. Walipokuwa vijana kwenye gwaride, Saverio akipiga ngoma mbele, wao wafupi waliwekwa mwisho wa safu. Mguu wao ulichelewa kushuka kuliko wa wengine kila siku, na kila siku waliadhibiwa kwa uzembe.

"Tulifanya pushapu mpaka mikono inatetemeka," alisema. "Kaka yangu ndiye alienda kwa mkubwa. Akasema, afande, hawa hawana kosa, wako mbali. Ngoma inatembea, inawafikia nyuma."

Shangazi alipiga hesabu kwenye simu. Hatua ya gwaride ni sentimita sabini na tano, kwa hiyo hatua sabini ni mita hamsini na mbili na nusu. Sauti hutembea kama mita mia tatu na arobaini kwa sekunde. Jibu likatoka fremu nne kasoro kidogo. Picha ya mzee ilifika kwenye kamera papo hapo, sauti yake ikaja kwa miguu. Kompyuta ililinganisha sauti ya kamera na ya spika, na ilipoivuta mbele ile iliyochelewa, uso nao ukavutwa mbele. Kosa halikuwa la mzee, wala la kamera. Kamera ilikuwa mbali tu.

Walikwenda wote Kabalagala. Baba Mdogo Okidi akakaa kwenye kiti cha shangazi, akahesabu mwenyewe kwa sauti, moja, mbili, tatu, nne, na kwa kila namba shangazi akarudisha uso wa mzee nyuma kwa fremu moja. Kisha akabonyeza. Mzee Saverio akasema maneno yake, mdomo na sauti kitu kimoja. Baba Mdogo aliomba arudie. Mara ya tatu alisema pamoja na kaka yake, kimya kimya, lile neno la mwisho la mtu asije kuuliza tena. Mtoto wa pili, Nakhisa, alipozaliwa mwaka 2019, Baba Mdogo ndiye aliyefika wa kwanza hospitalini, kabla ya Cleopas, ambaye alikuwa anatafuta taksi.

Tangu hapo shangazi aliwafundisha vijana wapatao thelathini, na wa kwanza kuja alimwambia apime uwanja kwa hatua kabla ya kufungua kamera. Wengi wako hapa leo, na nimeona mmoja wao asubuhi anatembea kutoka kaburini hadi kwenye spika, midomo inahesabu.

Mwezi Machi 2024 aligunduliwa kuwa na saratani ya matiti, na alitibiwa Mulago. Aliendelea kufanya kazi siku alizopata nguvu. Wodini aliwaambia manesi kwamba mashine ya moyo ya jirani yake inalia baada ya taa kuwaka, na nesi mmoja alimjibu kwamba mgonjwa huyo hajalalamika. Wakacheka wote, na yule mgonjwa pia. Nilipomuuliza kama anaogopa, aliniambia anaogopa kidogo, ila amekwisha kumaliza jambo lililomnyima usingizi, na si kila mtu hupata bahati hiyo. Alifariki Alhamisi, tarehe 16 Oktoba 2025, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa Cleopas. Anazikwa hapa Gayaza, kwake na mumewe.

Juzi Baba Mdogo Okidi alinitaka nimsomee maandishi haya. Alisikiliza mpaka mwisho. Sehemu ya video alisema iko sawa, na ile ya kulia jikoni tuiache ibaki, watu wajue. Lakini orodha ya waliobaki hakuipenda. Nilikuwa nimemwandika yeye wa kwanza, kwa kuwa ndiye mkubwa wa ukoo. Akasema mwanamke akifa, jina la mume ndilo hutangulia, na lake litafuata nyuma, na akanipa maneno ya kuliandika. Nimeyaandika kama alivyosema.

Marehemu ameacha mume, Cleopas, watoto wawili, Travis na Nakhisa, wana wa Cleopas, kaka mmoja, Okeny, wapwa watano, na Mzee Okidi, baba mkwe wa Cleopas.

Anena wetu, pumzika sasa. Amani ya Mungu ikae nawe.