Bi Kamusi na Jua Lililoasi

Marehemu, ambaye ofisini na mtaani alijulikana kwa jina la Bi Kamusi, alizaliwa tarehe 2 Februari 1948, kifungua mimba wa fundi cherehani na mkewe. Alianza kuongea mapema, na kwa maelezo ya mama yake, hakunyamaza tena.

Alisoma shule ya msingi karibu na nyumbani, akaendelea na sekondari ya bweni mwaka 1964, kisha chuo, alikohitimu lugha mwaka 1971. Januari iliyofuata aliajiriwa kwa majaribio katika ofisi ya tafsiri, ghorofa ya pili, juu ya kiwanda cha uchapaji, ambako mitambo ikiwaka vikombe vilitetemeka mezani.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kitabu cha hadithi za shule. Humo alikutana na kitenzi kikongwe cha Kiingereza, uprise. Alikijua kwa habari za maasi, akaandika bila wasiwasi: “Asubuhi jua likaasi.” Mkuu wake akapitisha, kitabu kikachapwa.

Muda si mrefu mwalimu mmoja wa jiografia alipanda ngazi, kitabu kwapani.

“Dada, darasa zima linaniuliza jua limeasi nini.”

“Kitenzi chenyewe maana yake ni kuasi,” alijibu.

“Sawa. Sasa jua lina serikali gani ya kuipindua?”

Ofisi nzima iliangua kicheko. Yeye hakucheka. Alishinda siku hiyo kwenye makabati ya vitabu, akagundua kwamba watu wa zamani walikitumia kitenzi hicho kwa mtu anayetoka kitandani, kwa jua linalochomoza, hata kwa wafu wanaotoka makaburini. Kuasi kulikuwa maana mojawapo tu.

Alimwendea mkuu wake akaomba toleo la pili lisahihishwe, na kosa litajwe kuwa lake.

“Uko kwenye majaribio, binti. Neno moja nani atalikumbuka?”

“Watoto, mzee. Wameshaanza kuliimba uwanjani.”

Mkuu alisema jambo hilo atalifikiria. Wiki nzima marehemu alikwenda kazini akiwa amefungasha vitu vyake mkobani, tayari kwa lolote. Mwishowe alithibitishwa kazini, na sahihisho likachapwa pamoja na jina lake.

Mwalimu yule alirudi. Alidai amekuja kuhakikisha kama jua limetulia. Alikuja kuhakikisha mara nyingi. Walifunga ndoa tarehe 14 Desemba 1974, wakajaliwa watoto watatu.

Baadaye marehemu alihamishiwa jopo la kamusi, akadumu huko hadi alipostaafu mwaka 2008. Wenzake walipotaka kukimaliza kitenzi kile kwa neno moja, kuinuka, aligoma. Mtu huamka, akainuka, alisema. Jua huchomoza, wafu hufufuka, raia huasi. Huwezi kuwavika wote shati moja. Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Mtoto aliyeitika “nimeshaamka” huku kajifunika shuka aliambiwa: “Kuamka umeamka. Sasa ondoka kitandani.”

Tarehe 3 Machi 2021 alipatwa na kiharusi. Upande wa kulia ulilegea, na Kiingereza chote kikampotea. Kiswahili kilibaki. Binti yake mkubwa, ambaye ni muuguzi, alimfanyisha mazoezi kila asubuhi. Siku moja alimwambia, “Mama, amka basi.”

“Niko macho, mwanangu,” alijibu polepole. “Wewe unataka nisimame. Nishike.”

Alisimama. Kwa miezi kadhaa alitembea hadi dirishani na kurudi, akiegemea bega la mumewe. Mwaka huu moyo ulidhoofika. Alifariki hospitalini alasiri ya tarehe 9 Juni 2023, akiwa na umri wa miaka 75, mumewe akimsomea gazeti. Neno la mwisho alilomsahihisha lilikuwa kwenye ukurasa wa michezo.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu watano na mdogo wake wa kiume. Aliagiza wasifu wake usizidi ukurasa mmoja. Umezidi kidogo, atuwie radhi.

Alale salama, mama yetu.