Lipu Kabla ya Mkaguzi

Ndani ya basi, mama aliyepakata ndoo ya rangi alikuwa akimsimulia fundi umeme, abiria mwenzake, habari za chumba alichomwongezea mama mkwe wake, anayetoka hospitali kesho.

"Kibali cha umeme unacho?" fundi akauliza.

"Cha nini? Nyaya kafunga shemeji yangu."

"Mkaguzi aliziona kabla ukuta haujapigwa lipu?"

"Mwanangu, lipu imeshakauka!"

"Basi itabomolewa, mama. Mkaguzi hapitishi nyaya asizoziona."

"Nibomoe, mgonjwa alale sebuleni?"

"Afadhali sebuleni kuliko motoni."

Basi likasimama mbele ya ofisi ya vibali. Mama akaenda hadi mlangoni, akaganda.

"Mama, unashuka au hushuki?" konda akauliza.

"Ngoja kwanza, baba. Natafuta maneno ya kumwambia mama mkwe."