Upara wa Mbwa Karani

Benchi letu liko kati ya milango miwili: wa kinyozi, ambaye ndiye mimi, na wa fundi viatu. Ni ubao mrefu uliokalia matofali, na juu yake kuna mto wa kochi niliouleta mwenyewe kutoka nyumbani, kwa hiyo ukikaa vizuri kumbuka kushukuru. Birika lipo jikoni, mkaa unawaka, na kila alasiri wapo walewale. Yupo Wahenga, mwashi asiyefungua kinywa bila methali, na sijawahi kumsikia akiiweka hata moja mahali pake. Yupo Mitambo, fundi redio, anayeamini duniani hakuna kitu kisicho na waya. Na yupo fundi viatu, mtu mpole ambaye masikio yalimtupa mkono zamani. Ukitaka akusikie, sogea sikio la kulia upige kelele. Ndiyo maana ana mbwa. Mteja akifika, mbwa humgusa fundi goti kwa pua. Wakifika wawili, anagusa mara mbili. Bisha uone. Sisi tukamwita mbwa huyo Karani.

Alasiri moja kahawa ilikuwa haishuki. Mama mwenye nyumba alikuwa ametoka kuondoka muda huohuo. Alisimama mbele ya Karani akamkagua mgongo: kuanzia kiunoni hadi mkiani hakuna manyoya, ngozi nyekundu, vidonda hapa na pale. Akasema, "Mwezi mmoja. Apone au aondoke. Sitaki maradhi kwenye nyumba yangu." Akaenda zake.

Fundi viatu: Amesemaje? Nimeona mdomo unasema mwezi.

Mimi, sikioni: Karani apone ndani ya mwezi mmoja! La sivyo, aondoke!

Fundi aliweka nyundo chini. Alimwangalia mbwa, akatuangalia sisi.

Fundi viatu: Akiondoka huyu, nani ataniambia kuna mtu mlangoni? Kabla sijampata, wateja walikuwa wanasimama hapo, wananiita, wananiita, halafu wanaondoka wanasema nina kiburi. Mimi nina kiburi, jamani?

Moyo uliniuma, sifichi.

Wahenga: Tulieni. Wahenga walisema, akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Mimi: Kwa hiyo?

Wahenga: Mbwa nywele zimemwisha. Basi kinachoumwa ni akili. Huyu ana wazimu wa polepole.

Mimi: Nimenyoa vipara wangapi kwenye kile kiti, na wote wana akili kukushinda wewe!

Mitambo: Msibishane bila vipimo. Ugonjwa umeanzia wapi? Mkiani. Mkia ni nini? Eriali. Tangu wasimamishe ule mnara wa simu ng'ambo ya barabara, mawimbi yanaingia kwa mkia, yanakosa pa kutokea, yanachoma ngozi.

Wahenga: Mbona mimi hayanichomi?

Mitambo: Una mkia?

Alisema hivyo huku akijikuna kifundo cha mguu kwa bisibisi, kama mtu aliyemaliza kesi.

Mimi: Mawimbi wapi! Hayo ni mawazo. Kichwa cha mwenye mawazo nakijua kabla hajakaa kitini. Karani ana jambo moyoni.

Wahenga: Labda anapenda.

Fundi viatu: Anafanya nini?

Mimi, sikioni: Anapenda! Ana mchumba!

Fundi viatu: Karani? Saa ngapi? Kutwa nzima yuko na mimi!

Wahenga: Basi ni kivuli. Kivuli cha ule mnara kinampita mgongoni kila siku saa kumi. Kivuli cha chuma ni kizito, kinang'oa manyoya. Mvumilivu hula mbivu.

Mimi: Mbivu zimeingiaje hapo?

Wahenga: Zinaingia polepole.

Mitambo: Dawa ni moja tu. Tunamfunga waya mkiani, ncha ya pili tunaichimbia ardhini. Mawimbi yote yanashuka.

Na usidhani tulikuwa wa maneno tu. Miezi mitano tulimhangaikia mbwa yule. Kila Jumamosi tulimwogesha kwa sabuni ya dawa: mimi nimeshika kichwa, Mitambo miguu, Wahenga anamimina maji, kisha tunamkausha juani juu ya ule mto wa benchi, mahali laini, asijisikie mnyonge. Siku mbili salama. Siku ya tatu anageuka na kujitafuna mkia upya, na sisi tunaanza kulaumiana nani alichagua sabuni mbovu. Fundi alishampeleka hata kwa daktari wa wanyama, akachomwa sindano. Muwasho ukatulia wiki mbili, halafu ukarudi palepale.

Tulikuwa tunatafuta waya wa kumfunga, wallahi, Karani alipoinuka akamgusa fundi goti. Kulikuwa na dada mmoja mlangoni, mgeni kabisa kwetu, amebeba buti la mpira lililochanika kisigino.

Dada: Shikamooni, wazee wangu.

Sisi: Marahaba.

Nikamsogezea nafasi kwenye benchi. Akautazama mto wangu, akasema atasimama tu. Nikajisemea, huyu naye, anaringa nini?

Dada: Mbwa huyu anajikuna tangu lini?

Tukamjibu wote kwa mpigo. Miezi mitano! Ni mnara! Ni mapenzi! Ni kivuli! Alitusikiliza mpaka tukaishiwa pumzi.

Dada: Na nyinyi je? Mmeanza lini kujikuna?

Nilimtazama Mitambo: bisibisi iko kifundoni. Nilimtazama Wahenga: anasugua mguu kwenye tofali la benchi kama ng'ombe kwenye nguzo. Nikajitazama mimi mwenyewe, na mkono wangu, jamani, ulikuwa umezama ndani ya suruali mpaka kwenye muundi. Hakuna aliyejua alianza lini. Wahenga akauondoa mguu kwenye tofali haraka.

Mimi: Ni... ni joto hili.

Dada: Joto la miguuni peke yake?

Akaniomba kitana changu chenye meno ya karibu-karibu, karatasi nyeupe na maji kidogo. Akachana pale mkia unapoanzia, taratibu, Karani katulia tuli. Tukainama wote kutazama. Hakutoka kiroboto hata mmoja, vilitoka vipunje vyeusi tu.

Mitambo: Vumbi hilo.

Dada: Haya, tuone kama ni vumbi.

Akavikung'utia kwenye karatasi iliyoloa. Vile vyeusi vikaanza kutanuka, kila kimoja kikaacha doa la rangi ya kutu.

Dada: Vumbi halifanyi hivi. Hiyo ni damu. Kiroboto kanywa, hicho ni choo chake.

Mimi: Lakini miezi mitano hatujaona kiroboto!

Dada: Mbwa atawaachia saa ngapi mwone? Anawatafuna viroboto. Wako mbwa ambao mate ya kiroboto hayapatani na miili yao kabisa. Akiumwa na mmoja leo, atajikuna siku nyingi. Sindano inatuliza muwasho, lakini kiroboto mwingine akija, mmerudi mwanzo. Usiku analala wapi?

Hapo ndipo nilipotamani ardhi ipasuke. Maana tukifunga, huwa tunamwachia Karani mto ule aulinde usiibiwe. Analala juu yake. Na kuufua nilikuwa nimekataza, nikisema utapoteza umbo.

Dada hakungoja jibu. Alipitisha kitana kwenye mshono wa mto, akakung'uta. Karatasi nzima ikageuka kutu.

Dada: Mayai na watoto wa kiroboto hawakai mwilini mwa mbwa, wanakulia anapolala. Nyinyi mnamwosha mgonjwa, halafu mnamkaushia kwenye ugonjwa.

Ikawa zamu yetu kutosikia. Fundi viatu ndiye aliyekuwa ameelewa kila kitu kwa kutazama karatasi tu.

Fundi viatu: Kwa hiyo anapona?

Dada alimsogelea sikio la kulia, bila kuambiwa.

Dada: Anapona, baba! Mkishikana!

Kumbe anafanya kazi kwa daktari wa wanyama. Alituandikia juu ya kifuniko cha boksi la viatu: Karani aletwe apimwe uzito, apewe dawa ya matone ya kumwekea shingoni kila mwezi bila kuruka, hata akipona. Mnyama yeyote anayelala karibu naye atibiwe pia, kila mmoja kwa dawa yake. Ya mbwa asiwekewe paka, inaweza kumuua. Malazi yafuliwe kwa maji ya moto, nyufa zisafishwe. Na kila wiki tumchane juu ya karatasi iliyoloa, tusisubiri mpaka tuone kipara.

Mto wangu niliuchukua mwenyewe mpaka kwenye pipa la taka, nikawasha kiberiti mwenyewe. Mitambo alichemsha maji tukamwagia benchi, matofali, sakafu. Wahenga akaja na mwiko na saruji, akapiga magoti, akaanza kuziba mipasuko ya sakafu mmoja baada ya mwingine.

Wahenga: Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Tukatazamana mimi na Mitambo. Methali imeingia! Miaka yote ile, leo imeingia! Tulimpigia makofi mpaka akaona haya.

Jumamosi ya kwanza nilihesabu madoa thelathini na moja. Ya pili, tisa. Ya tatu nikachana, nikakung'uta, tukasubiri. Karatasi nyeupe. Nikachana tena upande wa pili. Nyeupe! Kelele tulizopiga, wapita njia walidhani kuna timu imefunga bao, mmoja akauliza dakika ya ngapi.

Mwezi ulipotimia, Karani alimgusa fundi goti. Mama mwenye nyumba alikuwa amesimama mlangoni. Hakusalimia mtu. Aliinama, akayapanga pembeni manyoya ya mgongoni, mafupi bado lakini yamejaa, yamekaza, kama kichwa cha mteja wangu siku ya kumi baada ya kunyoa. Alitafuta kidonda hakukiona. Akapitisha kiganja kuanzia kiunoni hadi mkiani, na mbwa akatikisa mkia.

"Abaki," alisema.

Hapo kahawa ilimwagika. Mitambo alimkumbatia Wahenga, watu ambao hawakubaliani hata leo ni siku gani. Fundi viatu alikuwa anatutazama midomo, mmoja mmoja, uso umemkauka.

Fundi viatu: Amesemaje? Niambieni!

Nikainama sikioni kwake, nikapiga kelele kuliko siku zote nilizobishana.

Mimi: ABAKI!

Alimshika Karani kichwa kwa mikono yote miwili, akalia mbele yetu bila kujificha. Tukamwacha alie. Kwani nani hakulia?

Tuliponyamaza, mama mwenye nyumba bado alikuwa amesimama, anasokota pindo la nguo yake.

Mama mwenye nyumba: Eti... na paka naye anaweza kupata haya?

Mimi: Paka gani?

Mama mwenye nyumba: Wangu. Mgongo wote upara. Tangu mwaka jana.

Mwaka jana! Mitambo akahesabu miezi kwa vidole, akaishiwa mkono mmoja, akahamia wa pili, macho yakamtoka. Wahenga alivuta pumzi ndefu, kifua kimejaa methali. Na mimi nilikuwa na maneno yangu, makali, nimeyanoa mwezi mzima.

Lakini fundi viatu alikuwa amemsoma midomo. Alijifuta macho, akamsogezea kigoda akae.

"Mlete, mama," alisema. "Hapa mgonjwa hafukuzwi."

Mama mwenye nyumba aliinamisha macho, hakukaa. Akaenda mbio kumchukua paka wake.